Oili Chafu ya Mzee Mfaume

Shule yangu zamani ilikuwa sheli. Hapa Kibiti kila kituo cha mafuta kinaitwa sheli, awe mwenye nacho nani, na hiki kilipofungwa miaka tisa iliyopita jina halikufungwa. Ukimuuliza mzazi mtoto wake anasoma wapi, anakujibu, "Shelini." Nimesimamisha kibao kikubwa barabarani chenye jina la shule kwa herufi za bluu, na picha ya jogoo anayesoma kitabu. Jina hilo tunalitumia mimi na fundi aliyeliandika.

Naitwa Wilhelmina. Nimefundisha shule za serikali miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili kati yake deltani, Kiongoroni na Maparoni, ambako mkaguzi alikuja mara mbili na mara zote mbili alitapika kwenye boti. Nilipostaafu wanangu waliniambia nirudi Songea nikapumzike. Sijui nani aliwaambia nimechoka. Nikaichukua ile sheli, nikabomoa ukuta uliotenganisha ofisi na duka, nikapata darasa moja kubwa. Sakafu nilimsimamia fundi mwenyewe, mpaka akaniomba nikakae mbali kidogo apate kupumua. Ilitoka sakafu nyekundu, laini, haina ufa. Watoto thelathini na wanane, wa miaka minne hadi sita, wanakaa juu yake kwenye mikeka.

Mwaka mzima tuliendesha shule kwa barua ya muda. Mwezi wa kumi afisa elimu akaniambia cheti cha usajili hakitoki mpaka mtaalamu apime hewa inayotoka ardhini, kwa sababu mahali palipouzwa petroli hapaaminiki. Nikamwambia matangi yalichimbuliwa zamani yakaondolewa. Akaniuliza kama niliyaona yakiondolewa. Nikasema nilisikia. Akaandika kwenye daftari lake, nikasoma kichwa chini, "Alisikia." Kisha akasema atakuja Jumatatu ya tatu ya Novemba, ripoti ikiwepo ataleta cheti, isipokuwepo au ikiwa mbaya ataleta kufuli.

Mtaalamu alifika Ijumaa iliyotangulia Jumatatu hiyo, saa saba mchana, watoto wakiwa wameshaondoka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na buti nzito, jina lake Gasper.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo."

"Nilidhani watatuma mtu mzima."

Alilipokea vizuri. Akashusha vitu vyake kwenye gari: drili, mabomba membamba ya chuma, mfuko wa udongo wa kuzibia, na kisanduku cha njano chenye kioo, ambacho alikibeba kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo umetoka Dar es Salaam kuja kunusa udongo," nikamwambia.

"Inayonusa ni mita, mwalimu. Mimi nashika tu." Akanieleza bila haraka, na hapo nikaanza kumwona ana akili. Petroli ikivuja haikai kimya ardhini, alisema. Inageuka mvuke, mvuke unapanda kupitia udongo kidogo kidogo. Ukitokea nje unapeperuka. Ukitokea chini ya nyumba unatafuta njia, na sakafu hata iwe nzuri namna gani ina njia. "Ukishaingia ndani, watu wanauvuta. Siku moja haina neno. Miaka, unaharibu damu."

"Watu," nikasema.

"Hapa kwako ni watoto. Na wao wanakaa chini kabisa." Akafungua fomu yake. "Humo darasani umewahi kusikia harufu yoyote ya mafuta?"

"Hapana," nikasema, hata swali lilikuwa halijamaliza kutua.

Nilidanganya. Wakati wa masika, mvua ilipoloweka ardhi siku nne mfululizo, niliingia darasani asubuhi moja ya Aprili nikakutana na harufu ya petroli imesimama kwenye kona ya mbele. Nikajiambia ni bodaboda. Bodaboda huegesha ng'ambo ya barabara. Nikapiga deki kwa sabuni na ndimu, kesho yake nikapiga tena, nikaendelea hivyo hadi mvua zikakatika na harufu ikapungua. Ilipopungua nikaamua haikuwahi kuwepo. Niliogopa, huo ndio ukweli. Nina miaka sitini na miwili na sina shule nyingine mfukoni.

Gasper alitoboa matundu sita nje, kuzunguka mahali pampu ziliposimama, kila moja urefu wa mtu mfupi kwenda chini. Akazamisha bomba katika kila tundu, akaziba pembeni kwa ule udongo wake, na ili mabomba yasiyumbe akayafunga kwenye vigingi vya mbao nyeupe. Tundu la saba alilitoboa ndani, kona ya mbele. Nilisimama nimeshika kiuno nikitazama vumbi jekundu la sakafu yangu. Alipomaliza tu, ncha ya drili ya kutobolea saruji ikakatika. Nilifurahi.

Muda wote huo Mzee Mfaume alikuwa amekaa kwenye ngazi akitazama. Huyu ni mlinzi wangu. Enzi za sheli alikuwa akijaza watu mafuta. Sheli ilipofungwa hakuna aliyemwambia aondoke, kwa hiyo hakuondoka, na mimi nilipochukua jengo nilimkuta ndani yake. Mshahara nilianza kumlipa baada ya mwezi, nilipoona haishi kufagia. Mjukuu wake, Yasmin, yumo darasani kwangu. Ana miaka minne, ndiye mdogo kuliko wote, na huwa namkalisha kona ya mbele nipate kumwona.

Mzee Mfaume alinyanyuka akaenda kugusa kigingi kimoja kwa ncha ya kidole.

"Mbao za wapi hizi, baba?"

"Za Mafinga, mzee. Msonobari."

"Huko kwenu hamna mchwa?"

"Wapo wachache."

"Hapa si wachache," akasema Mzee Mfaume, akaenda zake.

Gasper akatueleza kwamba udongo unahitaji usiku mzima kutulia, asubuhi ndipo atapima. Akatuomba tusiyaguse mabomba. Nikamwambia nimeshika watoto thelathini na wanane mwaka mzima, mabomba saba hayatanishinda. Akaenda kulala gesti.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa ameshafika. Alifunga mpira kwenye bomba la kwanza, akawasha pampu yake ndogo, na mita ikaanza kulia kabla hajakaa sawa. Mia nne na themanini. Akaizima, akaiwasha, akapima tena. Mia tano na tatu. Bomba la pili, mia nne na kitu. La tatu vilevile. Kufika la sita alikuwa anaandika tu. Tukaingia ndani. Bomba la saba lilisoma mia mbili na kumi na mbili.

"Na inatakiwa iwe ngapi?" nikamuuliza.

"Chini ya kumi tungekunywa chai." Akavua miwani. "Mwalimu, tukae kidogo."

"Nasikia vizuri nikisimama."

"Hapa hapafai kuwa na watoto."

Niliumia. Sikulia, maana kulia mbele ya mtu mwenye fomu naona ni kumsaidia kujaza, lakini niliumia, nikashika ubao. Niliwaza Jumatatu, wazazi wamesimama getini na watoto wamechanwa nywele. Kisha nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Utaziba tundu langu kabla hujaondoka."

"Mwalimu, huenda sakafu hii yote..."

"Utaziba."

Akang'oa bomba, akachanganya saruji kwenye kopo, akaziba vizuri na kulainisha kwa kijiko. Nikamwekea rangi nyekundu iliyobaki. Halafu akatoka nje kung'oa mabomba mengine sita, nami nikabaki naangalia kile kiraka.

Nilimsikia akiita. Nilipotoka alikuwa amesimama katikati ya uwanja ameshika kigingi mkononi, na viganja vyake vilikuwa vyeusi tii.

"Hiki kitu gani?"

"Oili chafu," akasema Mzee Mfaume, kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Mtu wa huku hapigi mti ardhini bila kuupaka oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa gereji injini zinapobadilishiwa mafuta. Deltani hawana shida hiyo, kwa sababu wanajengea mikoko, na mkoko mchwa anaupitia pembeni. Lakini huku bara ukisimamisha nguzo ya uzio bila kuipaka, watu watakuuliza kama unamjengea mchwa kitinda mlo. Mzee Mfaume alikuwa ameviona vile vijiti vyeupe vya Mafinga, akavionea huruma vijiti na mwenye vijiti. Jioni alikwenda gereji na galoni yake.

"Lakini hii inanuka petroli," akasema Gasper.

"Ndiyo, baba. Oili peke yake haizami mtini. Nimeichanganya na petroli ya bodaboda, nusu kwa nusu. Nimevipaka mara mbili, na iliyobaki nikamwagia chini, shinani mwa kila kimoja. Hakuna mchwa atakayesogea hapo mpaka uzeeke."

Gasper alikiangusha kigingi. Kisha akaketi chini, palepale kwenye mchanga, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Nami nikacheka. Sikumbuki lini nilicheka hivyo tangu marehemu mume wangu aanguke mtumbwini akiwa amevaa suti. Mzee Mfaume alicheka pia, kwa adabu, huku akisubiri aambiwe kuna nini. Alipoambiwa aliona haya sana. Alikiosha kila kigingi kwa sabuni, ingawa Gasper alimwambia hakuna haja.

Nikaagiza chai na vitumbua. Gasper akatoboa matundu mapya sita, hatua kumi kutoka yale ya kwanza, na safari hii hakutumia vigingi. Aliyasubiri kwa muda wa saa tatu badala ya usiku mzima, akasema si kanuni lakini yatatoa picha, usiku mzima atakuja kuufanya siku nyingine. Adhuhuri ilipopita akapima. Mbili. Nne. Tatu. Mbili. Sita. Tatu. Kwa kila namba Mzee Mfaume alisema alhamdulillahi, nami kimoyomoyo nilisema langu.

Gasper akaiweka fomu juu ya boneti ya gari.

"Nje pametulia. Limebaki la ndani. Kulitoboa upya siwezi, ncha yangu ya saruji ndiyo hiyo imekatika, na kurudi na nyingine ni wiki mbili. Lakini fomu inasema kipimo kilichoharibiwa na sababu inayojulikana kinaachwa. Kwa hiyo nauliza tu." Akamgeukia Mzee Mfaume. "Mzee, na la ndani ulilipaka?"

Mzee Mfaume alinitazama mimi kwanza.

"Nilipaka yote."

"Ndani hakuna kigingi."

"Nilimwagia pembeni ya bomba. Mchwa wa huku, baba, anapita hata chini ya saruji."

"Sikuona mafuta pale."

"Yalishuka chini."

Gasper akaitikia kwa kichwa polepole. Nilimwona anataka kuamini. Asubuhi, kwenye chai, alinieleza kwamba mama yake ana chekechea Mahenge, chumba kimoja, na watoto wanamwita bibi. Mtu akiwa na mama wa namna hiyo hapendi kunifungia. Akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Darasa lile nililifunga mwenyewe Ijumaa jioni. Ufunguo ni mmoja, na hulala chini ya mto wangu. Madirishani kuna nondo ambazo nilizisimamia kama nilivyosimamia sakafu. Mzee Mfaume hakuingia mle ndani, wala asingeweza kuingia. Mwaka mzima sijawahi kumsikia akisema neno lisilo la kweli, hata la kumridhisha mtu, na sasa alikuwa amesimama pale ameshika galoni yake tupu, amedanganya kwa ajili yangu. Kwake yeye lilikuwa suala la karatasi. Aliniona asubuhi nimeshika ubao, akatafuta cha kunipa, akapata hicho.

Nami nilinyamaza. Naomba nisijipunguzie: Gasper aliandika mistari mitatu mizima na mimi nimenyamaza. Katika mstari wa kwanza niliwaza cheti. Katika wa pili niliwaza kwamba pengine harufu ilikuwa ya bodaboda kweli. Katika mstari wa tatu niliwaza kona ya mbele, na nani nimemkalisha pale, nikaona siwezi.

"Gasper, acha kuandika. La ndani hakulipaka."

Kalamu ikasimama.

"Mwalimu, wee vipi?" akasema Mzee Mfaume. "Nshasema nimelipaka."

"Ufunguo nalala nao mimi, Mzee Mfaume. Ulipitia wapi?"

"Si nakusaidia wewe!"

"Najua. Yasmin anakaa wapi darasani?"

"Pale pale konani, karibu na..." Akageuka kumtazama Gasper, na nadhani hapo ndipo alipoyasikia kwa mara ya kwanza maneno yote ambayo yule kijana alikuwa ameyasema tangu jana. "Baba, ile mia mbili ya ndani, ndiyo hiyo inayoharibu damu?"

"Sijui bado, mzee. Hiyo ni hewa ya chini ya sakafu, inayofika juu inaweza kuwa kidogo. Itabidi ipimwe." Kisha, kwa upole ambao sikuustahili, akaniuliza tena lile swali la jana. "Mwalimu, umewahi kusikia harufu humo?"

"Nimeisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Aprili."

"Masika haya?" akauliza Mzee Mfaume.

"Haya."

Gasper alichora mstari juu ya mistari yake mitatu, akaandika upya. Aliniambia kwamba akiandika hivyo Jumatatu afisa atafunga, nikamwambia naijua kazi ya afisa. Huenda bomba moja la zamani limebaki chini ya jengo, alisema, pengine litachimbuliwa, pengine mwakani. Nilisikia kila neno na sikulishika hata moja, kwa sababu nilikuwa namtazama Mzee Mfaume. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Aprili, Mei. Alipofika Juni alikiruka kidole, maana Juni tulikuwa likizo. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba.

"Miezi saba," akasema.

Angenitukana ningejua la kufanya, maana kutukanwa nimekuzoea, nimekaa na wazazi miaka thelathini na mmoja. Hakunitukana. Alinyoosha mkono tu, akaomba ufunguo, na kwa mara ya kwanza tangu nianzishe shule nikampa mtu mwingine.

Akaingia darasani. Tulimsikia akifungua madirisha, moja baada ya jingine, yote manne, na kuyapachika vizuri yasijirudishe kwa upepo. Ilikuwa Jumamosi alasiri, darasa tupu. Alipotoka aliuacha mlango wazi, akakaa kizingitini, miguu nje, kama afanyavyo siku za shule watoto wakiwa wamelala ndani.